Vifaa vya uoshaji wa ndani ya mwili

Vifaa vya uoshaji wa ndani ya mwili ni vyombo vya tiba vinavyotumika kuingiza maji safi au kimiminika kingine kisicho na vijidudu katika kidonda au katika uwazi wa mwili, kisha kukitoa pamoja na damu, usaha, uchafu au vipande vya nyama vilivyokatwa. Hutumika hasa katika upasuaji wa kibofu cha mkojo, tezi dume, figo, mji wa mimba na maungio kama vile goti na bega.

Vifaa hivyo vina kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kuosha, ili daktari aone vizuri mahali anapofanyia kazi. Ya pili ni kudhibiti kimiminika, yaani kujua kiasi kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki mwilini. Kikibaki kingi mno, mgonjwa anaweza kupata madhara makubwa na hata kufa, ingawa upasuaji wenyewe umekwenda vizuri.

Historia

Kuosha vidonda kwa maji ni desturi ya kale. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914-1918), daktari Mfaransa Alexis Carrel na mkemia Mwingereza Henry Dakin walianzisha njia ya kuosha vidonda vya askari huko Compiègne, Ufaransa. Mirija ya mpira iliwekwa ndani ya kidonda, na kila baada ya saa chache ilipitisha myeyusho hafifu wa hipokloriti ya natiri. Wakati huo antibiotiki zilikuwa bado hazijapatikana.

Kwa upande wa kibofu, daktari Mjerumani Maximilian Nitze alionyesha mwaka 1877 chombo cha kutazamia ndani ya kibofu kikiwa na taa yake. Mwaka 1926 Maximilian Stern wa Marekani alitengeneza chombo kilichomwezesha daktari kukata tezi dume kwa umeme kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Kwa kuwa ukataji huo hutoa damu, ilibidi maji yapite mfululizo ili damu isizibe macho ya daktari.

Mwanzoni yalitumika maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi yoyote. Baadhi ya wagonjwa walipata umanjano wa ngozi na macho, figo zikashindwa kufanya kazi, na wengine wakafa. Mwaka 1947 C. D. Creevy wa Marekani alieleza sababu: maji hayo yaliingia katika mishipa iliyokatwa na kupasua seli nyekundu za damu. Kuanzia hapo madaktari walianza kutafuta vimiminika vingine, na mwaka uliofuata myeyusho wa glaisini ulipendekezwa.

Sehemu za kifaa

Kifaa cha kawaida kina sehemu zifuatazo:
- mfuko wa kimiminika, mara nyingi wa lita 3, uliotundikwa kwenye stendi;
- mrija wa kuingizia, wenye kibano au vali ya kupunguza na kuongeza kasi;
- chombo kinachoingia mwilini, kwa kawaida chenye kamera na njia mbili, moja ya kuingizia na nyingine ya kutolea;
- mrija wa kutolea, ambao huunganishwa na mashine ya kufyonza;
- chupa yenye alama za vipimo inayopokea kimiminika kilichotoka.

Njia rahisi ya kusukuma kimiminika ni uzito wake wenyewe. Mfuko ukiinuliwa juu zaidi ya mgonjwa, shinikizo huongezeka. Urefu wa mita 1 hutoa shinikizo la takriban milimita 73 za zebaki. Kwa hiyo, kuinua stendi si jambo dogo: ni sawa na kuongeza nguvu ya pampu.

Pampu za umeme hupima shinikizo na kulidhibiti zenyewe. Katika upasuaji wa mji wa mimba kwa kamera, shinikizo hutakiwa kutosha kutanua kuta zake, lakini lisizidi wastani wa shinikizo la damu la mgonjwa. Likizidi, kimiminika husukumwa kwa wingi kuingia mishipani.

Aina za vimiminika

Kinachotumika zaidi ni maji ya chumvi yenye gramu 9 za chumvi katika kila lita (asilimia 0.9). Ukolezi wake unakaribiana na ule wa damu, hivyo hayapasui seli.

Hata hivyo, maji ya chumvi hupitisha umeme. Katika ukataji wa zamani, umeme hutoka kwenye waya wa kukatia na kupita mwilini hadi kwenye bamba lililobandikwa pajani au mgongoni. Waya huo ukiwa ndani ya maji ya chumvi, umeme husambaa na kushindwa kukata. Ndiyo maana hutumika myeyusho wa glaisini, sobitoli au manitoli, ambayo haina chumvi.

Vyombo vya kisasa zaidi vina ncha mbili zilizo karibu, na umeme hupita kati ya ncha hizo tu. Vyombo hivyo hufanya kazi ndani ya maji ya chumvi, na vimepunguza sana matumizi ya glaisini pale vinapopatikana.

Hesabu ya kimiminika

Kanuni ni rahisi: kiasi kilichoingia, ukitoa kiasi kilichotoka, ni kiasi kisichojulikana kilipo. Sehemu kubwa yake huchukuliwa kuwa imeingia mwilini.

Kwa mfano, mifuko minne ya lita 3 imetundikwa, na mwishoni imebaki lita 1. Kilichoingia ni lita 11. Katika chupa ya kufyonzea kuna lita 9.2, na katika shuka yenye mfuko wa kukusanyia kuna lita 0.6. Jumla ya kilichotoka ni lita 9.8. Tofauti ni lita 1.2.

Maana ya tofauti hiyo hutegemea aina ya kimiminika. Katika upasuaji wa mji wa mimba, miongozo ya madaktari wa magonjwa ya wanawake huweka kikomo cha lita 1 kwa vimiminika hafifu kama glaisini, na lita 2.5 kwa maji ya chumvi, mgonjwa akiwa na afya njema. Kwa wazee na wenye ugonjwa wa moyo au figo kikomo ni cha chini zaidi. Basi lita 1.2 za glaisini zimeshapita kikomo na kazi inapaswa kusimamishwa, lakini lita 1.2 za maji ya chumvi kwa mgonjwa mwenye afya bado ziko ndani ya kikomo.

Hesabu hii huweza kupotoka. Mfuko huweza kuwa na kimiminika kidogo zaidi ya kiasi kilichoandikwa juu yake. Maji huweza kumwagika sakafuni. Damu na mkojo huingia katika chupa na kuonekana kama kimiminika kilichorudi, hivyo tofauti halisi hufichika. Kwa sababu hizo kuna mashine zinazopima uzito wa mifuko na chupa kwa wakati mmoja, na kupiga kengele kikomo kinapokaribia. Njia nyingine ni kuchanganya ethanoli kidogo katika kimiminika na kupima pumzi ya mgonjwa: ethanoli ikionekana katika pumzi, kimiminika kimeingia katika damu.

Pasipo mashine, muuguzi mmoja hupewa kazi ya kuandika kila mfuko unaotundikwa na kila chupa inayomwagwa, na kumtajia daktari tofauti kila baada ya muda mfupi.

Madhara

Glaisini nyingi ikiingia katika damu, huipunguzia damu ukolezi wa natiri (sodiamu). Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Kikishuka haraka, maji huingia katika seli za ubongo na ubongo huvimba. Dalili ni kutotulia, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, kuona ukungu, mapigo ya moyo kwenda polepole, degedege na kupoteza fahamu.

Mgonjwa aliyechomwa ganzi ya uti wa mgongo yu macho, hivyo mabadiliko ya usemi na akili yake huonekana mapema. Aliyelazwa kwa nusukaputi hawezi kusema lolote, na hesabu inakuwa muhimu zaidi.

Maji ya chumvi hayashushi natiri kwa namna hiyo, lakini yakizidi huuelemea moyo na kujaza mapafu maji. Pia kimiminika baridi hushusha joto la mwili, na kwa hiyo mara nyingi hupashwa joto kabla ya kutumika.

Kusafisha vidonda

Kidonda cha kawaida huoshwa kwa bomba la sindano na maji ya chumvi. Maji safi ya kunywa pia hufaa kwa vidonda vidogo. Kwa mivunjiko ya mifupa iliyotokeza nje, zilitengenezwa pampu zinazorusha maji kwa nguvu. Utafiti uliotolewa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,400 katika nchi tano, haukuona faida ya shinikizo kubwa kuliko dogo. Aidha, waliooshwa kwa maji yenye sabuni walihitaji kupasuliwa tena mara nyingi zaidi kuliko waliooshwa kwa maji ya chumvi.

Uoshaji wa kibofu wodini

Baada ya kukatwa tezi dume, mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo wenye njia tatu: moja ya kujaza puto linaloushikilia mpira, moja ya kuingiza maji ya chumvi na moja ya kutoa. Puto hilo linatokana na kazi ya Frederic Foley wa Marekani katika miaka ya 1930. Maji hupitishwa mfululizo, mara nyingi kwa siku moja au mbili, ili damu isigande ndani ya kibofu. Kasi huongezwa maji yanayotoka yakiwa mekundu na hupunguzwa yanapokuwa meupe.

Kiasi cha mkojo hupatikana kwa kutoa maji yaliyoingia katika jumla ya yaliyotoka. Bonge la damu likiziba njia ya kutolea, maji huendelea kuingia bila kutoka, kibofu hujaa na mgonjwa huumwa sana chini ya kitovu. Hatua ya kwanza ni kufunga maji yanayoingia, kisha muuguzi au daktari huondoa bonge kwa bomba la sindano. Ndugu anayemwangalia mgonjwa akiona mfuko wa juu unapungua huku wa chini haujai, anapaswa kumwita muuguzi mara moja.