Tuta la reli linalochanua maua

Zamani treni za mizigo zilikatiza mitaa ya kaskazini-magharibi mwa Chicago usawa uleule wa waenda kwa miguu na magari ya farasi. Watu waligongwa, wakafa. Mwaka 1893 jiji likazibana kampuni za reli: njia zipandishwe juu. Reli ya Bloomingdale, iliyojengwa mwaka 1873, ikainuliwa miaka ya 1910 juu ya tuta lenye kuta za zege, kimo cha mita 5 hivi.

Viwanda vilipofungwa, treni zilipungua hadi zikakoma. Magugu yakaota relini, na wakazi wakawa wanapanda tutani kinyemela kunyoosha miguu. Mwaka 2003 baadhi yao waliunda kikundi cha kudai tuta liwe la umma. Tarehe 6 Juni 2015 likafunguliwa, kilomita 4.3 za kutembea na kuendesha baiskeli, kwa jina la The 606: tarakimu za mwanzo za msimbo wa posta wa Chicago. Jina la kiofisi kabisa, kwa mahali penye maua kiasi kile.

Michoro ya ukutani ipo, lakini kazi ya sanaa iliyo bora zaidi pale unaweza kuipita usijue ni sanaa. Msanii Frances Whitehead, mmoja wa wabunifu wa njia hiyo, alipanga miti 453 ya jamii ya Amelanchier toka mwanzo hadi mwisho wa tuta. Ni miti midogo, yenye mashina kadhaa. Baridi ikiisha hufunikwa na maua meupe, baadaye vitunda vya zambarau ambavyo ndege huvigombea. Ziwa Michigan liko mashariki, na maji yake huchelewa kupata joto, hivyo upande huo baridi hukawia kuondoka. Maua huanzia magharibi yakasogea kuelekea ziwani kwa siku 5 hivi. Anayeandika tarehe hizo mwaka hadi mwaka anapata kumbukumbu ya tabianchi ya jiji.

Wenye kulipia uzuri huo ni wapangaji. Nyumba za jirani zilipanda bei, hasa upande wa magharibi wenye familia nyingi za asili ya Puerto Rico na Mexico. Majengo ya kupangisha yakabomolewa kupisha nyumba za familia moja moja. Mwaka 2016 wakazi waliandamana juu ya njia hiyohiyo. Mwaka 2021 jiji likaanza kumtoza anayebomoa jengo la makazi maeneo hayo dola 15,000 au zaidi.