Dodoma katika Njia za Anga: Kituo, Umbali na Hesabu ya Maili

Katika ramani za njia za ndege za miaka ya 1930, Dodoma ilikuwa na nafasi ambayo haijaipata tena tangu hapo, kwani ilikuwa kituo katika njia kuu ya anga iliyounganisha London na Cape Town, ilhali leo mpangaji wa tiketi ya kuzunguka dunia haioni kabisa katika hesabu zake. Nafasi hiyo haikuja kwa ukubwa wa mji wala haikuondoka kwa udogo wake. Ilitegemea namna umbali ulivyohesabiwa na waliopanga safari, na kwa sababu hiyo historia ya kituo hiki haina budi kusomwa pamoja na historia ya hesabu yenyewe.

Uwanda wa kati ulikuwa umewalazimisha wasafiri kuhesabu vituo muda mrefu kabla ya ndege. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 haikupima njia kwa urefu wake bali kwa maji yake. Baada ya Mpwapwa ilibidi kuvuka Marenga Mkali, nyika kame ambayo jina lake linataja ubaya wa maji yake, na wapagazi waliondoka mchana, wakapumzika njiani pasipo maji, kisha wakaendelea alfajiri ili waingie Ugogo, nchi iliyoizunguka Dodoma ya leo, kabla ya vibuyu kukauka. Ugogo kulikuwa na visima na nafaka, lakini vilikuwa na wenyewe: watemi wa Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita uliolipwa kwa nguo, shanga na waya, na wageni kama Richard Burton mwaka 1857 na Henry Stanley mwaka 1871 waliulipa kama walivyoulipa wafanyabiashara wa pwani. Wageni hao waliuandika kwa uchungu, ingawa haki iko upande wa Wagogo, kwani katika nchi yenye ukame, aliyechimba kisima na kukilinda alikuwa na kila sababu ya kudai thamani yake kwa msafara wa mamia ya watu.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na miongo miwili baadaye ndege zikafuata. Imperial Airways, shirika la Uingereza lililoundwa mwaka 1924 kwa kuunganisha kampuni nne, lilianzisha safari ya kila wiki kuelekea Afrika mwezi Februari 1931, njia ikiishia Mwanza. Januari 1932 barua zilianza kupelekwa hadi Cape Town, na Aprili mwaka huohuo abiria nao wakaruhusiwa. Safari nzima ilichukua takriban siku 11 na ilikuwa mchanganyiko wa vyombo ambao mpangaji wa tiketi wa leo angeutambua mara moja. Msafiri aliruka kutoka Croydon hadi Paris, akapanda gari moshi hadi Brindisi kwa kuwa Uingereza na Italia zilikuwa katika mvutano kuhusu njia ya anga, akavuka Mediterania kwa ndege ya majini, yaani ndege yenye tumbo la mashua, akachukua tena gari moshi kutoka Alexandria hadi Kairo, akaruka hadi Khartoum, akaufuata Mto Nile kwa ndege nyingine ya majini hadi Kisumu, na hapo akaingia katika ndege ya injini tatu aina ya Hercules iliyompitisha Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika na Broken Hill, mji unaoitwa leo Kabwe, kabla ya kushuka kusini zaidi.

Dodoma iliingia katika orodha hiyo kwa sababu za kimaumbile. Kutoka Moshi hadi Dodoma ni takriban kilomita 360 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Dodoma hadi Mbeya ni takriban kilomita 400, hivyo mji ulikaa karibu na katikati ya mwendo ambao ndege za wakati huo zisingeumaliza kwa usalama bila kuongeza mafuta, na mafuta yangeweza kufikishwa hapo kwa reli. Zaidi ya hayo, uwanda wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa huwa nyepesi, na joto la mchana huizidishia wepesi, jambo linalopunguza nguvu ya injini na uwezo wa bawa kuibeba ndege. Kwa mazingira ya aina hii, Imperial Airways iliagiza ndege aina ya Atalanta, yenye injini nne na nafasi ya abiria 9 tu, ambayo ilianza kazi katika sehemu hii ya njia mwaka 1933.

Mwaka 1937 hesabu ilibadilika ghafla. Ndege kubwa mpya za majini zilihitaji maji yaliyotulia badala ya viwanja vilivyosafishwa porini, na njia kuu ikahamia pwani, ikitoka Kisumu kwenda Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kisha Msumbiji hadi Durban. Ukame uliowatesa wapagazi wa Marenga Mkali ndio uliouondoa mji huu katika njia ya dunia, kwa kuwa Ugogo haina ziwa kubwa la kutegemewa mwaka mzima.

Ikumbukwe kwamba katika miaka ile mitano ambayo Dodoma ilikuwa katika njia kuu, hakuna aliyeweza kuizunguka dunia kwa ndege za ratiba peke yake. Mwaka 1936 waandishi watatu wa magazeti ya New York walishindana kuizunguka kwa vyombo vya abiria, na mshindi, H. R. Ekins, alitumia siku zisizofika 19, lakini Atlantiki aliivuka kwa chombo cha gesi cha Hindenburg. Ndege za kawaida za abiria zilianza kuivuka bahari hiyo mwaka 1939, na mwaka 1947 Pan American ikaanzisha safari iliyoizunguka karibu dunia yote chini ya jina la shirika moja.

Maili kama tuzo zilikuja baadaye. American Airlines ilizindua mpango wake Mei 1981, ukimwandikia mteja maili alizoruka na kumruhusu kuzibadilisha kwa tiketi, na miungano ya mashirika, wa kwanza kati ya mikubwa mitatu ya leo ukiwa Star Alliance wa mwaka 1997, iliwezesha maili za mashirika mengi kukusanywa katika akaunti moja. Tiketi ya kuzunguka dunia ya miungano hiyo kwa kawaida humtaka msafiri aelekee upande mmoja, avuke Atlantiki na Pasifiki, arudi katika nchi alikoanzia ndani ya mwaka mmoja, na asizidishe safari 16 za ndege. Hapo ndipo mantiki ya msafara inapogeuzwa: mkuu wa msafara alitafuta njia fupi yenye maji, lakini mpangaji wa maili hutafuta njia ndefu inayoruhusiwa na kanuni, akipitia miji mikuu iliyo mbali mradi asirudi nyuma. Ujuzi huo umekuwa mgumu zaidi tangu mwaka 2015, mashirika ya Delta na United yalipoanza kutoa tuzo kwa kufuata fedha zilizolipwa badala ya umbali, hivyo mpangaji makini huchagua kwanza mpango mshirika ambao bado unahesabu umbali, na ndipo huchora njia.

Kwa mkazi wa Dodoma, tiketi ya namna hiyo huanzia Dar es Salaam, ambako Ethiopian Airlines, iliyojiunga na Star Alliance mwaka 2011, humpeleka Addis Ababa, umbali unaozidi kidogo maili 1,000. Takriban maili 240 za kutoka Dodoma hadi pwani hubaki nje ya tiketi, kwa kuwa Air Tanzania haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu. Na tangu mwaka 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa ilipoanza kufika Dodoma, wengi hawana haja ya kuziruka. Uwanja mpya wa ndege wa Msalato, nje kidogo ya mji, umepangiwa njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3.6, kwani katika hewa nyepesi ya uwanda huu ndege kubwa iliyojaa mafuta huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuiacha ardhi.