Gesi gani tena? Songo Songo, Mwiraki wa Oslo na barua za kuomba uzamili

Msimu wa kuomba nafasi za masomo ya nje ukifika, barua pepe yangu hujaa barua za watu. Wahandisi wa Bongo wana imani ya ajabu kwamba mwandishi wa habari anaweza kupiga pasi barua yoyote ikanyooka. Nyingi zinaanza hivi: tangu nikiwa mtoto nilipenda kufungua redio nione ndani kuna nini. Jamani, hizo redio zote mlizofungua, nani alizifunga?

Safari hii imekuja ya rafiki yangu niliyesoma naye kidato cha tano na sita. Ana shahada ya uhandisi mitambo, ameajiriwa na mkandarasi mmoja hapa Dar, na anataka kuacha kazi akasome uzamili wa uhandisi wa petroli na nishati. Mama yake anamtegemea. Mjomba wake kamwuliza mbele ya watu: "Gesi gani tena, baba? Si ile mliyoambiwa mtakuwa kama Dubai?" Swali la mjomba ni zito kuliko barua nzima. Nitalijibu kwa historia, maana hesabu za mabomba siziwezi.

Twende Oslo, Mei 1968. Mwiraki mmoja, Farouk Al-Kasim, amewasili na mke wake Mnorwe na watoto. Ni mzaliwa wa Basra, amesomea jiolojia ya petroli Imperial College, London, na amefanya kazi miaka kadhaa katika sekta ya mafuta kwao Iraq. Kazi nzuri kaiacha kwa sababu mtoto wao mdogo anahitaji matibabu ambayo yanapatikana Norway. Treni ya kwenda ukweni inaondoka jioni. Ana saa kadhaa za kupoteza, basi anatembea mpaka Wizara ya Viwanda kuuliza kama wana orodha ya makampuni ya mafuta ambako anaweza kuomba kazi.

Pale wizarani watu wanaoshughulikia mafuta walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Makampuni ya kigeni yalikuwa yakichimba Bahari ya Kaskazini tangu 1966 na matokeo ya visima yalikuwa yanaletwa serikalini. Makaratasi yapo, wa kuyasoma hayupo! Wakampa yule mgeni ayasome.

Mwishoni mwa 1969 kampuni ya Phillips ikapata Ekofisk, hazina kubwa ya mafuta. Mwaka 1972 Bunge la Norway likaunda vyombo viwili kwa mpigo: kampuni ya taifa, Statoil, na Kurugenzi ya Mafuta yenye makao Stavanger. Al-Kasim alikuwa mmoja wa walioandika mpango huo, kisha akahamia Kurugenzi.

Sehemu ninayoipenda ni hii inayofuata. Mafuta ya Ekofisk yamo kwenye mwamba wa chaki, na makadirio ya mwanzo yalikuwa kwamba kiasi cha asilimia 17 tu ndiyo kingetoka, kingine kibaki chini milele. Al-Kasim na wenzake wakabana: ingizeni maji yasukume mafuta. Kampuni ikasita, kwa sababu gharama ilikuwa kubwa na hakuna aliyekuwa na hakika chaki ingefanya nini ikilowa. Majaribio yakafanyika, na mwaka 1987 maji yakaanza kusukumwa kwa kiwango kikubwa. Leo makadirio yanakaribia nusu ya mafuta yote. Piga hesabu mwenyewe, toka 17 mpaka karibu 50. Hotuba za uzalendo zisingeleta tofauti hiyo. Alihitajika mtu wa kukaa meza moja na wahandisi wa kampuni, afungue ukurasa na kusema hapa hamjakokotoa vizuri.

Sasa turudi nyumbani. TPDC iliundwa Mei 1969, mwaka uleule wa Ekofisk. Mwaka 1974 Waitaliano wa AGIP wakapata gesi Songo Songo, Kilwa. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo kilikuwa na umri wa mwaka mmoja, kwani kilifunguliwa 1973. Kabla ya hapo, enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, sheria ilisomwa Dar, udaktari Makerere na uhandisi Nairobi. Kwa maneno mengine gesi iligunduliwa kabla chuo chetu hakijatoa mhandisi hata mmoja.

AGIP wakaona hailipi, wakaiacha. Miaka ya 1980 kukawa na ndoto ya kiwanda cha mbolea Kilwa, nayo ikafa. Gesi ilifika Ubungo mwaka 2004. Miaka thelathini! Sisemi kwamba wahandisi wangeifupisha yote, maana fedha hazikuwepo na soko la umeme lilikuwa dogo. Ila mnakumbuka mwaka 2006 mabwawa yalipokauka, tukakaa gizani, na nchi ikakimbilia mkataba wa dharura wa megawati 100 na Richmond. Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu.

Kuna jambo watu wengi mtaani hawalijui. Mikataba yetu ya gesi ni ya kugawana uzalishaji. Kampuni inatumia fedha zake kutafuta, na ikipata inajirudishia gharama kwanza kutoka kwenye gesi yenyewe. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Maana yake kila siku ya ziada ya meli ya kuchimba, na kila bomba lililonunuliwa nene kuliko lazima, linamega fungu la nchi. Mkaguzi wa hesabu ataona risiti ipo, atapiga tiki. Atakayeuliza kwa nini kisima kilichukua siku nyingi ni yule anayejua kuchimba penye kina cha maji cha zaidi ya mita 2,000. Elimu hiyo shahada ya kwanza ya mitambo haikupi.

Mjomba naye ana hoja. Ugunduzi wa bahari kuu ulianza 2010, mwaka 2012 Statoil wakatangaza Zafarani, na makadirio ya nchi yakapanda mpaka futi za ujazo trilioni 57. Vijana wakakimbilia petroli, wengine wakapelekwa chuo cha NTNU, Trondheim. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilizidi dola 100. Januari 2016 likashuka chini ya 30, na miradi ikalala. Nawajua waliohitimu wakaishia kuuza bima na vipuri.

Kwa hiyo nimemwambia afute redio, na afute sentensi ya ajira tele. Aandike kuhusu joto na mtiririko, vitu anavyovijua. Mafuta ya Hoima yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 mpaka Tanga limesanifiwa kupashwa moto likae kwenye nyuzi 50 hivi. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Bei ya gesi ikilala, hesabu za namna hii bado zinahitaji mwenyewe.

Juni 2022, Dodoma, serikali ilisaini makubaliano ya awali na Equinor (ndiyo Statoil ya zamani) na Shell kuhusu kiwanda cha kusindika gesi Likong'o, Lindi. Ningependa kujua wangapi kati ya wale waliokwenda Trondheim walikaa upande wetu wa meza katika mazungumzo yale. Kama ulikuwemo, niandikie.