Safu ya Lugha: Kuwasha na kuwaka

"Washa injini," husema wengi, kana kwamba ni kubonyeza swichi ya taa. Anayecheza DCS World, mchezo wa kompyuta unaoiga urubani, na kuketi ndani ya UH-1H, helikopta ya Marekani iliyovuma katika vita vya Vietnam, hugundua upesi kuwa kitenzi hiki kina hatua. Unawasha betri, unafungua mafuta, unaweka sawa mshiko wa kudhibiti nguvu ya injini, kisha unashikilia kitufe cha stata. Kasi inapanda, mafuta yanashika moto, mshale wa joto unaruka, mapanga ya juu yanaanza kuzunguka taratibu. Kasi ya injini ikifika asilimia 40, unaachia kitufe, nayo inajiendesha.

Kiswahili kilishaiona tofauti kati ya kuanzisha na kujiendesha: mtu huwasha, moto huwaka. Mpishi wa jiko la mkaa analijua hilo; baada ya kiberiti hupepea mpaka makaa yashike. Basi tuseme "naiwasha" kidole kikiwa bado kwenye kitufe, na "imewaka" injini inapojitegemea. Ninyi mnaofasiri michezo hii, vitunzeni vitenzi hivi viwili. Kila kimoja kina kazi yake.