Majaliwa wa Ruangwa na Ofisi Yenye Dhamana ya Nembo ya Taifa

Kassim Majaliwa, mzaliwa wa Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea, aliingia katika utumishi wa umma akiwa mwalimu, akawa Mkuu wa Wilaya za Urambo na Rufiji, na Novemba 2015 akateuliwa kuwa Waziri Mkuu. Ofisi hiyo ndiyo inayomsimamia Mpigachapa Mkuu wa Serikali, mwenye dhamana ya bendera na nembo. Rangi ya bendera, ikumbukwe, ni dhahabu, si njano. Katika kipindi chake, Mei 2017, alifariki dunia jijini Dar es Salaam Mzee Francis Maige, maarufu kama Ngosha, aliyetajwa kuwa mchoraji wa Nembo ya Taifa, baada ya kukutwa Buguruni akiishi maisha duni. Wapo wengine pia wanaotajwa kuichora ngao hiyo.