Walimu na Dawa ya Minyoo

Wamisionari wa Bethel walipoanza kazi Mlalo, Usambara, mwaka 1891, walikuja na shule, na tangu hapo tumezoea kuipima shule kwa idadi ya wasomaji. Miaka ya 1990 ilileta kipimo kingine katika mkoa wetu wa Tanga. Mradi wa UKUMTA uliwafundisha walimu wa shule za msingi kuwapa wanafunzi albendazole kwa minyoo ya tumbo, na praziquantel palipokuwa na kichocho: shule 352, watoto wapatao 110,000. Walioshuku kama mwalimu aweza kushika dawa walijibiwa na kazi yenyewe.

Hata hivyo, mpango upitao shuleni humfikia kwanza aliyeandikwa daftarini. Siku zile ada ilikuwa bado ikidaiwa, na mtoto wa maskini aliweza kubaki nyumbani na safura yake, akitembea peku juu ya udongo uleule. Tena kidonge huua minyoo iliyomo; hakizuii mingine kuingia. Mayai ya askarisi humezwa pamoja na mboga zisizooshwa, nasi wa Lushoto ni wakulima wa mboga. Katika historia za sharika ninazosahihisha, wanafunzi hutaja mwaka wa kengele na mwaka wa bati. Mwaka wa choo cha shule sijauona. Baadhi ya wazee waliovichimba vyoo hivyo wangali hai, na waweza kuulizwa.