Wagonjwa Ugenini: Maradhi na Uuguzi katika Mji wa Ujiji, 1858–1874

Mji wa Ujiji umepata sifa vitabuni kwa ajili ya salamu moja fupi waliyopeana Wazungu wawili mwaka 1871. Salamu hiyo imerudiwa mara nyingi mno hata imefunika jambo ambalo wote wawili waliliandika kwa urefu zaidi, nalo ni hali ya afya zao. Mmoja alikuwa mgonjwa wa miaka, asiye na dawa. Wa pili alikuwa ametoka kitandani kwa homa majuma machache kabla ya hapo. Wala hawakuwa wa kwanza. Kwa muda wa miaka kumi na sita, kila mgeni kutoka Ulaya aliyefika pwani hiyo ya Ziwa Tanganyika na kuacha maandishi alifika akiwa mgonjwa, na akaishi kwa hisani ya watu ambao majina yao yametajwa kwa kupita tu.

Yafaa kukumbuka Ujiji ulikuwa mji gani. Kigoma, ulio umbali mfupi upande wa kaskazini, haukupata ukubwa wake ila baada ya reli kufika mwaka 1914. Kabla ya hapo bandari na soko vilikuwa Ujiji. Hapo Waha na Wajiji walileta mawese, samaki na nafaka, chumvi ilitoka Uvinza, na pembe za ndovu pamoja na watumwa walivushwa kutoka ng'ambo ya Manyema. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga nyumba zao hapo, lakini nao walikuwa wageni, na homa haikuwabagua. Ujiji, kwa hiyo, ulikuwa ugenini kwa watu wengi waliokuwamo.

Richard Burton na John Speke walifika mwezi wa Februari 1858. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, na alipofikishwa juu ya kilima kinachoonyesha ziwa, hakuona ila ukungu. Msafiri aliyesafiri miezi minane kutafuta ziwa akalifikia asilione! Burton naye miguu ilikuwa imepooza, akawa akibebwa kwa machela. Mjini walikaa katika nyumba ya udongo iliyokuwa imeanza kubomoka, na Burton akalala chini muda wa wiki mbili, asiweze kusoma, kuandika wala kuzungumza kwa kitambo. Wakati huo Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi la kukodi. Njiani, usiku, dundu alimwingia sikioni. Alimimina siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Akatia ncha ya kisu, akamwua mdudu na kujijeruhi mwenyewe. Sikio lilitoa usaha kwa miezi, na usikivu wake haukurudi kama ulivyokuwa. Jahazi hakulipata. Walipokwenda hatimaye kwa mitumbwi hadi Uvira, Burton alikuwa na vidonda vya ulimi hata kusema kulimwia taabu. Maswali makubwa ya jiografia ya karne ile, yaani ziwa lina kina gani na mto wa kaskazini unaingia au unatoka, yaliulizwa na mtu asiyeweza kutamka na mwingine asiyeweza kusikia vema. Hapana ajabu kwamba jibu halikupatikana, na kwamba ugomvi wao wa baadaye juu ya chanzo cha Nile ulikuwa mkali.

Habari za David Livingstone ni ndefu zaidi, kwa kuwa maradhi yake yalikuwa ya kudumu. Alikuwa tabibu, na alipoondoka Unguja mwaka 1866 alijua ana bawasiri iliyokuwa ikimtoa damu kwa miaka; madaktari wa Uingereza walikwisha mshauri apasuliwe, naye hakukubali. Kwa homa alitegemea vidonge alivyovibuni mwenyewe, vya kwinini pamoja na dawa za kuharisha. Mwezi wa Januari 1867 watu waliotoroka katika msafara wake walichukua sanduku la dawa. Katika shajara yake aliandika kwamba alihisi kana kwamba amehukumiwa kufa. Maneno hayo hayakuwa ya mtu mwoga. Yalikuwa ya daktari aliyekuwa akihesabu. Kwa ujuzi wa wakati ule hakuna aliyefahamu kwamba homa huletwa na mbu, jambo lililothibitishwa mwaka 1897, lakini kazi ya kwinini ilikuwa imejulikana.

Mwanzoni mwa mwaka 1869, akiwa njiani kuja Ujiji, alishikwa na kichomi, akatema damu, asiweze kusimama. Aliyemwokoa ni mfanyabiashara Muhammad bin Gharib, ambaye Livingstone humwandika Bogharib. Alimtengenezea kitanda cha kubebwa, akampa dawa za kienyeji, akamlisha. Hapa pana jambo ambalo waandishi wengi wa wasifu wamelipitia haraka. Muhammad alifanya biashara ya pembe na watumwa, biashara ile ile ambayo mgonjwa wake aliilaani katika kila barua. Livingstone hakuuficha wema huo, wala hakuacha kuishutumu biashara. Aliandika yote mawili katika shajara moja, bila kujaribu kuyapatanisha. Huenda huo ndio ukweli wa mgonjwa ugenini: hana nafasi ya kuchagua mikono itakayomwinua.

Lugha yenyewe ina neno la kutazamwa hapa. Katika Kiswahili anayeugua ni mgonjwa, na anayemtunza humwuguza. Kitendo cha pili kimejengwa juu ya cha kwanza kwa kiambishi cha kusababisha, lakini maana yake si kumtia mtu ugonjwa bali kuuchukua pamoja naye. Mwuguzaji, kwa umbo la neno, yumo ndani ya ugonjwa wa mwenzake.

Livingstone aliingia Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Vitu vingi alivyoletewa vilikuwa vimeibwa, na dawa zilikuwa zimebaki Unyanyembe. Aliandika barua nyingi. Chache sana zilifika pwani, na mwenyewe aliamini kwamba wenyeji wa biashara waliogopa yaliyomo. Mwezi wa Julai alivuka kwenda Manyema. Huko, katika mwaka 1870, vidonda vya miguu vilimfungia Bambarre kwa siku zipatazo themanini. Dawa iliyomfaa ilikuwa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa mimea, na maandishi hayo yalififia kiasi kwamba sehemu kubwa haikusomeka hadi wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali na kuyatoa mwaka 2011.

Akiwa amelala hivyo aliwatazama wagonjwa wengine. Aliandika neno safura, kama lilivyotumika Unguja, kwa ugonjwa wa watu walao udongo. Tena aliandika habari ya maradhi aliyoyaona kuwa ya ajabu kuliko yote. Watu huru waliotekwa, waliovushwa mto Lualaba katika minyororo na kuona nchi yao imebaki ng'ambo, walianza kudhoofika na kufa bila ya kidonda wala homa. Walipoulizwa wapi pana maumivu, waliweka mkono barabara juu ya moyo. Daktari huyo hakulipata jina la ugonjwa huo katika vitabu vyake, akauita kuvunjika moyo. Kifungu hiki chastahili kuwekwa kando ya kila habari ya mateso ya Livingstone mwenyewe. Watu hao nao walikuwa wagonjwa ugenini, lakini hawakuwa na shajara, wala barua za kupotea njiani, wala mtu wa kuwatafuta.

Alirudi Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, kwa hesabu yake, akihara na akiwa amekonda kama mifupa. Mtu aliyekabidhiwa mali yake alikuwa ameiuza yote, kwa kisingizio kwamba alipiga ramli kwa Kurani na ramli ikasema mwenyewe amekufa. Mfanyabiashara mwingine, Syed bin Majid, alijitolea kuuza pembe zake ili amsaidie. Siku chache baadaye Susi alikuja mbio na habari ya Mzungu.

Juu ya tarehe ya siku hiyo pana shaka hata leo. Stanley alichapisha 10 Novemba. Shajara ya Livingstone yaonyesha siku za mwisho za Oktoba. Sababu si siri. Stanley alikuwa amepotewa na fahamu kwa homa huko Unyanyembe na hesabu yake ya siku ikavurugika, na mwenzake alikuwa ameugua safarini muda mrefu kuliko yeye. Siku mashuhuri kuliko zote katika historia ya mji huo haikupata tarehe ya hakika kwa kuwa mashahidi wake wa kuandika walikuwa wagonjwa.

Livingstone alikuwa amezoea milo miwili ya kubahatisha kwa siku. Sasa alikula minne. Meno yake yalikuwa yamelegea kwa kutafuna mahindi magumu, na Halima, mpishi wake, alishughulika mchana kutwa kumpikia vyakula laini. Stanley alimsihi arudi kwao akatibiwe na kutiwa meno ya bandia. Alikataa. Barua ya binti yake Agnes ilikuwa imemwambia kwamba, pamoja na kutamani arudi, angependelea amalize kazi kwanza. Nguvu zilipomrudia kidogo, walikwenda pamoja kwa mtumbwi hadi mwisho wa kaskazini na kuona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani. Jibu walilolikosa Burton na Speke likapatikana, na mmoja wa waliolipata alikuwa bado akitoka damu.

Waliondoka Ujiji mwishoni mwa Desemba 1871. Livingstone hakurudi tena. Alikufa kwa Chitambo mwezi wa Mei 1873, na Farjallah alipoupasua mwili ili ukaushwe, alikuta upande wa kushoto wa tumbo bonge la damu lililoganda, kubwa kama kiganja. Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia, alikutana na waliobeba maiti huko Unyanyembe, ambako yeye na wenzake walikuwa taabani kwa homa na macho. Mmoja wao, Dokta Dillon, alijiua kwa bunduki katika wazimu wa homa alipokuwa akirudi pwani. Cameron aliendelea magharibi. Alifika Ujiji Februari 1874, na huko akakuta sanduku la karatasi za Livingstone, limehifadhiwa na watu wa mji, halijapotea kitu.